Mchezo Aliochagua Dereva wa Miraa

Juzi, katika duka la kompyuta mjini Maua, michezo ya zamani ilikuwa imeshushwa bei. Dereva mmoja wa hawa wanaokimbiza miraa Nairobi alfajiri alikuwa akichagua na mkewe. Mwenye duka akamwonyesha mchezo wa mbio za magari.

"Hiyo si ndiyo kazi yangu?" dereva akasema. "Nipe huo wa kulima."

Mkewe akamkazia macho. "Baba watoto, na mahindi yetu yamejaa magugu?"

"Haya ya kompyuta nitayapalilia nikiwa nimekaa na wewe."

Mkewe akacheka. "Basi huo wa mbio ni wangu. Nataka kujua huwa unakimbilia nini."

Walinunua yote miwili. Jamaa alitoka akitabasamu, ila funguo za pikapu yake ya miraa alizishika kwa mikono miwili, mkewe asije akazitaka nazo.