Ua Lenye Ndoano

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa majani ya ng'ombe, kulikuwa na ua nililoliogopa kuliko nyoka. Liliota kwenye majimaji kule chini, upande wa Himo, na kila mwaka lilichipua tena kutoka mzizi uleule. Zambarau, zuri kweli. Bibi alitufundisha kulitambua: jani lina manyoya na mistari inayokwenda moja kwa moja mpaka kwenye ncha, na katikati ya ua mna vinyuzi vilivyojikunja kama ndoano. Ndoano hizo, alisema, humshika ndama tumboni. Lisiingie kamwe kwenye banda la ng'ombe mwenye mimba.

Mama hakuyajua hayo. Alizaliwa kambini, kwenye mashamba ya miwa, wazazi wake watu wa kuja, na shangazi yangu hakuacha kumkumbusha. Mwaka mmoja ndama wetu alikufa, na lawama ilimwangukia yeye.

Kiangazi kilichofuata mama alishuka peke yake kukata majani, akapandisha mzigo kichwani. Alipoufungua bandani, shangazi alikuwa amesimama pale.

"Wifi, hiki nini?"

Kilikuwa kijiti chenye maua mawili, kimelala kwenye hori, kimetafunwa nusu. Na ng'ombe alikuwa karibu kuzaa.

"Ni ua tu, wifi. Limekuja na majani."

"Ua tu. Ndama akifa safari hii, kaka yangu akurudishe kwenye miwa yako."

Baba alikuwepo. Akaendelea kufagia banda.

Bibi akaitwa. Alipokishika kile kijiti nilikuwa pembeni yake kabisa, nikaiona mistari, nikaziona ndoano. Mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Nilikuwa nimeshaufungua bibi aliponibana bega hadi nikaumia. Akaligeuza ua, akalisogeza machoni, akalisugua jani kwa kidole gumba.

"Hili silo."

"Mama, mbona lina..." shangazi alianza.

"Hilo ua ulifundishwa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Basi."

Siku zilizofuata nililala masikio wazi. Kila ng'ombe alipokohoa nilikwenda kuchungulia. Hatimaye asubuhi moja alianza kuzaa, ukatoka mguu mmoja tu. Wa pili ulikuwa umejikunja ndani. Nilimtazama bibi. Hakunitazama.

"Mama Aika," akamwambia mama, "mkono wako mwembamba. Paka mafuta, uingize. Usivute. Unyooshe taratibu."

Mama alifanya kazi ile huku machozi yakimtiririka. Mguu ukanyooka, ndama akaanguka kwenye majani makavu ya mgomba, akapiga chafya. Shangazi ndiye aliyemfuta.

"Wifi, kaa upumzike," akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Nilipokua nilimkabili bibi. "Lile ua lilikuwa lenyewe."

"Nilikuwa na macho, Aika."

"Sasa ulidanganya."

"Ng'ombe nimezalisha wengi. Mkamwana nilikuwa naye mmoja."

Niliishia darasa la saba. Mimea nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na sasa kwa simu, na sijasoma popote kwamba ua lile linamdhuru ndama. Mguu ule ulijikunja tu, kama miguu ya ndama inavyojikunja. Hayo nayasema mbele ya yeyote. Nimegombana na watu wazima pale mtaani Majengo kwa kutopenda kupindisha maneno.

Mama sasa ni mzee, yuko palepale kihambani, shamba lilelile la migomba na kahawa. Juzi nilipita kwenye majimaji, nikalipiga picha lile ua, nikamwonyesha. Aliishika simu kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali na yeye.

"Aika, ndilo hili?"

Nikaichukua simu yangu.

"Silo, mama."