Viganja vya Kipimajoto

Mume wangu ni fundi wa rejeta, na gereji nzima inamwita Kipimajoto. Vifaa vya kupimia joto anavyo, vimelala kabatini. Yeye hushika mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini, akakuambia kama maji yanazunguka. Miaka ishirini na sita hajakosea, na sifa zimemvimbisha kichwa mpaka kofia haimwingii.

Mwaka jana nilimwona akiipua sufuria ya maji yanayochemka kwa mikono mitupu, huku ananisimulia vituko vya mteja. Hakushtuka hata kidogo. Malengelenge yalipotoka akasingizia sabuni ya gereji. Nikajua ganzi imemwingia viganjani, nikanyamaza. Mwanamume anayeishi kwa kusifiwa mikono, utaanzia wapi kumwambia haisikii tena? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema lolote juu ya mke anayemsaidia kuyaficha.

Binti yetu ana gari dogo lenye injini kali, na hulipeleka uwanja wa mbio siku ambazo kila mwenye gari anaruhusiwa kukimbia. Ikifika raundi ya tatu, injini inachemka. Baba yake akang'oa rejeta ya zamani, akamfungia ya aluminiamu, nene mara mbili, wiki nzima anapiga miluzi. Rejeta mpya ukiijaza maji lazima utoe hewa yote. Hewa ikinasa, maji hayazunguki, na mshale wa joto unaweza kukudanganya kuwa mambo ni shwari huku injini inaungua.

Uwanjani injini iliunguruma robo saa. Mume wangu akashika mpira wa juu, akashika wa chini.

"Moto kotekote. Nenda, mwanangu."

Akafunga boneti. Binti akavaa kofia ngumu, akaingia foleni nyuma ya magari mawili. Nilijiambia labda leo mikono inasikia. Upuuzi mtupu! Gari la kwanza likaondoka. La pili likaondoka. Nikaivuka kamba ya kuzuia watazamaji, nikapiga boneti kama mwendawazimu.

"Mama, vipi tena?"

"Zima! Fungua hapa!"

Mpira wa juu uliniunguza. Wa chini ulikuwa baridi.

"Maji hayazunguki," nikasema, na mafundi wenzake wa gereji waliokuja kutazama wote wakasikia.

Mume wangu alikuja mbio. Akaukamata mpira wa chini, akaubana kwa viganja vyote viwili, muda mrefu.

"Umejuaje?"

"Mikono yako haisikii, baba watoto."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwaka jana."

Nilijiandaa kufokewa kwa kumwaibisha mbele za watu. Hakugusia aibu. Alimtazama binti yetu, aliyekuwa anavua kofia.

"Mwaka mzima, mama watoto. Na ukaniacha nimfungie mtoto rejeta?"

Binti naye akanigeukia, akasubiri jibu.