Website yangu ya Akheri ilivyokaa gizani msimu mzima: mnaotafuta designer, someni kwanza

Wakuu, salamu kwenu. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla, msijaze uzi nazo.

Mimi ni bibi wa Akheri, huku chini ya Mlima Meru. Shule niliishia darasa la nne. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na ninachoandika kimenipata mimi, si jirani. Chumvi sitii, yalivyokuwa yanatosha.

Nina shamba la kahawa na migomba aliloniachia marehemu mume wangu. Ndani yake kuna nyumba ya vyumba vitatu. Mgeni analala, asubuhi tunachuma kahawa, anatwanga kwenye kinu ile iliyokwisha kukauka, tunakaanga, anakunywa. Mchana anakula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Asiyeiweza namchemshia ndizi.

Zamani wageni waliletwa na dereva mmoja wa watalii anayekaa Olasiti, Baba Neema. Akaumwa mgongo, akaacha kuendesha. Wageni wakakauka.

Hapo mwanangu mkubwa, Zakayo, akaitisha kikao. Kahawa hailipi, akasema, ing'olewe yote ajenge vyumba vya kupangisha. Wadogo zake wakamuunga mkono.

Niliomba msimu mmoja wa wageni, Juni mpaka Septemba.

Zakayo akasema, "Sawa mama. Septemba tunakaa tena. Vyumba vikiwa vitupu, usije ukalia."

Nikakubali mbele ya wote.

Nikamtafuta designer wa kunitengenezea website. Elibariki, ana ofisi ya chumba kimoja Kaloleni, Arusha mjini. Alifanya kazi haraka, na picha zilipendeza.

Sasa hapa sikilizeni vizuri.

Kwetu nyumba mpya haifunguliwi bila mchungaji kuiombea. Duka hivyo hivyo, hata mashine ya kusaga. Nikamwambia, "Hiyo website asiione mtu yeyote mpaka iombewe. Ifunge."

Akacheka. "Bibi, website nayo inaombewa?"

"Wewe funga."

Akafunga.

Mwisho wa Mei mchungaji akaja. Laptop ikawekwa mezani sebuleni, tukaimba, akaomba, nikabonyeza mwenyewe. Migomba yangu ikatokea, majirani wakapiga vigelegele. Nilichinja mbuzi. Zakayo nyama alikula vizuri tu.

Juni ikapita. Simu kimya.

Julai nikampigia Elibariki. "Bibi, SEO inataka subira."

SEO, kwa asiyejua kama nilivyokuwa mimi, ni kazi ya kuifanya website ionekane pale mtu anapotafuta kitu mtandaoni.

Akaniambia niandike anwani ya website kwenye simu. Nikaandika, ikafunguka. "Unaona? Ipo hewani." Nikakata simu, naona aibu ya kutojua.

Wakuu, wengi tunapigwa hapo. Kuandika anwani kamili si kutafuta. Anwani unaijua wewe na fundi wako. Mgeni yuko kwao, hajui hata kama upo. Anaandika tu kwa lugha yake kwamba anataka kulala kwenye shamba la kahawa karibu na Mlima Meru. Hilo ndilo la kupima.

Agosti chakula kikaanza kunishinda. Zakayo alikuwa ameshaleta mtu wa kupima, vigingi vimepigwa katikati ya mibuni. Nilivipita kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe.

Wiki mbili kabla ya kikao, Baba Neema akaja kunisalimia, anatembelea mkongojo. Nikamweleza. Akatoa simu, akatafuta kama wageni wake walivyokuwa wakitafuta. Akapitia page ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Mwisho akaandika jina lenyewe la nyumba yangu.

"Mama, sikuoni."

"Labda niko nyuma nyuma."

"Aliye nyuma ukimwita kwa jina ataitika. Wewe hupo kabisa. Hii imefungwa mahali."



Kesho yake nilikuwa Kaloleni kabla Elibariki hajafungua mlango.

"Shikamoo bibi. Mbona mapema?"

"Marahaba. Washa hiyo mashine."

Akaingia kule ndani kwenye settings, mimi nimesimama nyuma yake. Kuna kisanduku kidogo kimewekwa tiki. Alipokiona mkono wake ukasimama. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, nikamwambia anisomee kwa Kiswahili.

"Yanasema... mitambo ya kutafuta isiiweke website hii kwenye orodha."

"Nani aliweka hiyo tiki?"

"Mimi, bibi. Siku ile uliposema nifunge."

"Na siku ya maombi ulifungua nini?"

"Nilitoa password tu. Hiki nilisahau."

Nilitaka kumchapa, sisemi uongo. Lakini aliyesema funga ni nani? Na baada ya maombi niliuliza mara ngapi kama kafungua kila kitu? Hata mara moja. Nilichojua kuuliza ni kama mbuzi atatosha watu.

Akatoa tiki. Nikamuuliza, leo tutaonekana? Akasema hawezi kuahidi. Mtambo unapita kwa wakati wake, inaweza kuwa siku, inaweza kuwa wiki.

Sikuondoka. Nilikaa pale mpaka jioni tukipitia page moja moja. Kila page ilikuwa na kichwa kilekile, "Home". Home ya nani? Iko wapi? Habari za kahawa yangu alikuwa amezichora ndani ya picha, na maneno yaliyo ndani ya picha mtambo hauyasomi vizuri kama yaliyoandikwa. Nikamwambia afute, aandike kwa maneno ya kawaida tuko wapi, mgeni analala wapi, anachuma nini, anatwanga nini. Password zote nikaziandika kwenye daftari langu.

Kikao kikafika. Mgeni hajaja hata mmoja.

Nikasimama nikawaeleza wanangu yote, pamoja na kwamba amri ya kufunga ilikuwa yangu.

Zakayo akasema, "Mama, tulisema Septemba."

"Ndiyo. Tulisema Septemba."

Kisha akasema atang'oa upande wa chini ya mfereji unaokatiza shamba, wa juu ananiachia mpaka msimu ujao.

Sikubishana. Jumatatu watu wakaja na mashoka. Mibuni ile niliipanda na mume wangu nikiwa na mimba ya huyo huyo Zakayo.

Katikati ya Oktoba ukaingia ujumbe wa mtu nisiyemjua. Jirani yangu mwalimu akanisomea. Mama mmoja wa ng'ambo anauliza kama ni kweli mgeni anaruhusiwa kutwanga kahawa mwenyewe. Alikuja na mumewe, wakalala siku nne. Tangu hapo wanakuja. Si wengi, lakini wanakuja, na Zakayo upande wa juu hajautaja tena.

Nilichojifunza: fundi akikukabidhi website usiishie kusema ni nzuri. Chukua simu ya mtu mwingine, tafuta kama mgeni asiyekujua. Mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako kwamba mtambo wa kutafuta umeruhusiwa kuingia, na umeshaona page zako zipi. Akisema subira, muulize subira ya kitu gani. Akikuapia kwamba utakuwa wa kwanza, beba mkoba wako uondoke. Na ukitoa amri ya kufunga, ya kufungua nayo ni juu yako, usimwachie mtu.

Elibariki bado ni fundi wangu. Sasa hivi nikiingia tu anawasha mashine kabla sijamwambia.

Wataalamu, nilipokosea nirekebisheni, sina hasira na kusahihishwa. Wenye website nendeni sasa hivi mkaangalie hicho kisanduku, halafu mje mniandikie hapa.

Ila pole sizitaki. Semeni mmekuta nini.