Goroli za Mjomba

Juzi fundi baiskeli wa Mwembesongo alimwaga goroli chini, nikakumbuka alasiri moja kwetu mlimani. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi, na Mjomba alikuwa amerithi gobore la mjomba wake. Alikaa uani akijifunza kulishindilia baruti. Palinuka kiberiti. Nikaomba nimshikie goroli, ndizo zilikuwa risasi zake.

"Nenda mtoni kachote maji, mama. Mchukue na mdogo wako."

"Ndoo imejaa, Mjomba."

Akaimwaga yote. "Haya, nenda."

Nilidhani ananibagua kwa kuwa mimi msichana. Leo najua aliogopa gobore lingetulipukia. Niliondoka nimenuna, sikumuaga. Tukiwa mtoni tukasikia mlio.

"Mjomba kaua nguruwe!" nikamwambia mdogo wangu.

Tulipanda mlima tukipiga vigelegele, mpaka tuliposikia kilio cha mama yetu kutoka uani.