Vipande Kumi na Vinane vya Dungusi la Tanurini

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Miiba anavuta glavu ngumu za kuchomelea vyuma hadi karibu na viwiko, anamfunga mumewe aproni ya gunia, kisha anamwambia asiguse kitu.

"Wewe shika ndoo tu, baba. Nikikuita, njoo. Nisipokuita, kaa hapo hapo."

Mumewe anashika ndoo. Mbele yao, nyuma ya nyumba yao ya vyumba viwili, kuna safu mbili za makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga na changarawe. Kila safu ina makopo tisa, na katika kila kopo kimesimama kipande cha dungusi, ule mmea mnene wa miiba usio na majani, chenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Safu ya kushoto ni ya mke. Safu ya kulia ni ya mume. Leo, baada ya wiki saba, watajua ni nani kati yao aliyepanda vichwa chini.

Katika nyumba hii hilo si jambo dogo. Vipande hivi kumi na vinane ndivyo vyote vilivyobaki vya dungusi lililokuwa refu kuliko nyumba yenyewe. Mama Miiba ana miaka sitini na mmoja, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitamani apate mmea wa namna hiyo.

Muda wote huo ameuza miche kando ya barabara, kwenye meza ya mbao yenye mguu mmoja wa kuazima. Siku njema huuza kumi na miwili. Siku mbaya huirudisha yote nyumbani, na mmoja umevunjika njiani. Miche yenyewe huinunua kwenye bustani kubwa, kwa bei wanayoitaka wao, na wakimwambia haipo, siku hiyo meza hukaa tupu.

"Nilikuwa dalali wa watoto wa watu," anasema. "Mwenye biashara ni yule mwenye mmea mama. Huyo anakata, anapanda, anauza, na mama bado amesimama uani. Sisi wengine tunabeba tu."

Dungusi lenyewe alikutana nalo akiwa hana habari. Alikuwa amekwenda kwenye tanuri la matofali lililoachwa zamani, kuokota vigae vya kuweka chini ya makopo yake. Alipozunguka nyuma ya ukuta uliobomoka, akaliona: shina la kukumbatiwa na watu wawili wenye ujasiri, na matawi tisa yamenyooka kwenda juu. Hakuna mtu wa maeneo yale aliyejua nani alilipanda, au kama lilipandwa.

Akalichokonoa kwa kijiti. Upo mmea mwingine unaofanana nalo, ambao ukiutoboa hutoa utomvu mweupe wa kumpofusha mtu. Hili lilitoa maji mepesi tu.

"Nikajua ndilo lenyewe. Nikalisalimia."

Kwa maneno? tunamuuliza.

"Ulitaka nilipe mkono?"

Furaha yake haikumaliza wiki. Mwenye kiwanja alikuwa ameamua kukisawazisha ajenge ghala, na katapila lilikuwa limeshafika. Mama Miiba alimwendea msimamizi wa kazi akiwa amevaa nguo zake za kwendea harusini, ili asidharauliwe. Msimamizi akampa mpaka Ijumaa saa sita mchana.

"Alinishangaza," anakumbuka dereva wa katapila, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye bado hupita nyumbani hapa kuulizia hali. "Watu wanakuja kuomba mabati, wanakuja kuomba mbao. Yeye anaomba miiba. Nikamwambia, mama, chukua yote, utakuwa umetuondolea balaa. Lilishatoboa tairi mbili za lori."

Mpango wa kwanza ulikuwa kuling'oa zima. Mama Miiba alimwita shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwenye pikapu na maneno mengi. Shemeji akafunga kamba kwenye shina, akafunga upande wa pili kwenye gari, akawahakikishia kwamba yeye ameshavuta mambo makubwa kuliko hilo. Kamba ikakaza. Dungusi halikutikisika, ila bampa la pikapu lilibaki chini, na shemeji akanyamaza mpaka saa nne.

Ikabidi lichukuliwe kwa vipande. Mama Miiba alipanda ngazi na msumeno aliousafisha kwa spiriti, akakata tawi moja baada ya jingine kuanzia juu, kila tawi likishushwa kwa kamba na kupokelewa na godoro kuukuu. Aliwahi matawi sita. Saa sita ilipogonga, matawi matatu na shina vilikuwa bado vimesimama, na dereva wa katapila alizima injini, akajifanya anatafuta funguo kwa nusu saa nzima, mpaka tawi la sita likamaliza kushushwa. Msimamizi alipomfokea, akaliwasha. Mama Miiba hakugeuka kutazama.

"Nililia," anasema. "Tena si kidogo. Mtu mzima mimi, nalilia mmea ambao ulishanichoma mara arobaini."

Matawi yalizungushiwa mazulia ya zamani na kulazwa nyuma ya pikapu. Shemeji aliendesha polepole ili yasivunjike, taa zikiwa zimewashwa. Njiani watu walisimama na kuvua kofia. Walipofika nyumbani na kuanza kuingiza ndani kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye zulia, watu wanne, nyuso zimekunjamana kwa uchungu wa miiba, jirani wa mbele alivuka barabara akiwa ameshika kifua.

"Poleni sana jamani."

Mume wa Mama Miiba, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu salamu, akajibu, "Tumeshapoa." Jioni ile majirani saba walileta viti.

Kila tawi lilikatwa vipande vinne, kimoja cha ncha na vitatu vya katikati. Kisha ikaja kazi ambayo wengi hawana subira nayo, yaani kungoja. Kipande cha dungusi hakipandwi kikiwa kibichi. Hulazwa kivulini wiki mbili au zaidi mpaka kidonda kikauke na kufunga, la sivyo kitaoza udongoni. Na kwa kuwa kipande cha katikati kimekatwa huku na huku na hakina jani hata moja, fundi hukiwekea alama ya juu mara tu anapokikata. Mama Miiba aliweka alama zake kwa chaki nyeupe, mshale mmoja kila kipande, akavipanga barazani. Siku ya kumi na moja akaenda kumwona mdogo wake aliyekuwa mgonjwa.

Hapa ni lazima tumtambulishe mumewe vizuri. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mfuaji wa hospitali. Alifua mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, na baada ya kustaafu hakupata mtu wa kumwambia aache. Amewahi kuosha makaa. Amewahi kuosha noti ya mgeni akaianika kwenye kamba, na mgeni ameketi anaingoja.

"Niliona vimejaa vumbi na machaki machaki," anaeleza, akitazama ndani ya ndoo. "Nikasema mama watoto amechoka, acha akirudi akute pasafi."

Alitumia sifongo, sabuni ya unga, na siku mbili. Alijichoma vidole vyote. Mama Miiba alirudi akakuta vipande ishirini na vinne vinang'aa juu ya shuka jeupe, vimepangwa kwa ukubwa, na mume amesimama pembeni akisubiri kusifiwa.

"Niliketi," anasema mke. "Nikaomba maji ya kunywa. Akaniletea, na glasi alikuwa ameiosha mara mbili."

Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa na sabuni. Vipande sita vya ncha, vilivyokuwa laini, vilioza vyote kabla ya wiki kwisha. Vilibaki vile kumi na vinane vya katikati, na hakuna aliyejua juu ni wapi.

Ndipo ulipoanza mgogoro. Mama Miiba alishika miwani, akachunguza miiba, akatangaza kwamba miiba mirefu hutazama juu. Mumewe, aliyevisugua kimoja kimoja na kwa hiyo kujiona mtaalamu, alishikilia kwamba miiba mirefu hutazama chini, kama kope za mtu anayesinzia. Shemeji aliitwa asuluhishe, akashauri vilazwe ubavu. Akarudishwa kwake.

Siku tatu kila mmoja alikula kwenye kona yake. Siku ya nne wakakubaliana: tisa vipandwe kwa akili ya mke, tisa kwa akili ya mume. Mume akishindwa, hataosha tena kitu chochote kilicho nje ya mlango. Mke akishindwa, atamwachia meza yake aisugue atakavyo.

Sasa Mama Miiba anapiga magoti kwenye safu yake. Anashika kipande cha kwanza kwa glavu, anakitikisa taratibu. Hakitikisiki. Anakichimbua pembeni kwa kijiko, na hapo chini panaonekana vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea. Anavuta pumzi na kusonga mbele. Katika tisa, saba vimeshika.

"Baba," anaita. "Lete ndoo."

Safu ya mume haina haja ya kijiko. Cha kwanza kinatoka chenyewe, cheusi na laini kwa chini. Cha pili vivyo hivyo. Kila kinachotoka kinatumbukizwa kwenye ndoo, na mzee anaipokea miiba, aproni yake ya gunia ikilowa. Kufikia cha nane, hata mke amepunguza sauti. "Udongo wa upande huu nao haukuwa mzuri sana," anasema, ingawa udongo ni ule ule, umechotwa kwa koleo lile lile.

Cha tisa anakivuta, hakiji. Anakivuta tena. Anainama mpaka pua inakaribia miiba, anavaa miwani, anavua, anavaa. Kipande kimepandwa kichwa chini, hilo halina ubishi tena. Lakini kimeshika mizizi. Na ubavuni, vidole viwili kutoka kwenye mchanga, kimetoa chipukizi la kijani, limejikunja likageukia juu lilipo jua.

Mume anauliza kama nacho ni cha ndoo.

"Weka ndoo chini, baba," anasema mkewe. "Njoo uone."

Wanakitazama wote wawili kwa muda mrefu kuliko walivyovitazama vile saba.

Shimo la mmea mama lilishachimbwa tangu juzi, katikati ya uani, mahali jua linapokaa tangu asubuhi hadi alasiri. Mama Miiba hakatai kwamba alikuwa amelichimba kwa ajili ya kimojawapo katika safu yake. Anakibeba cha tisa kwa mikono miwili, anakisimamisha humo vile vile kichwa chini, na mume anasogeza mchanga kwa mguu.

"Hiki kimekaa kichwa chini wiki saba, na huyu bwana anakizungukia na kitambaa," anasema. "Nini tena kitakiangusha?"

Vile saba, anasema, vitakwenda mezani, na meza hiyo haisuguliwi. Miaka miwili mitatu ijayo ataanza kukata matawi ya hiki, na siku hiyo bustani kubwa watamsikia tu kwa watu.

Dereva wa katapila, aliyekuwa amesimama getini muda wote, anauliza kama anaweza kununua hicho chenye chipukizi.

"Hicho hakiuzwi," anajibu Mama Miiba, akishindilia mchanga. "Njoo baada ya miaka miwili uchukue mtoto wake. Ukinikosa mimi, muulize mume wangu. Atakuonyesha juu ni wapi."