Goti Jipya la Pimamaji

Watu walimwita Pimamaji kwa sababu hakuwa na imani na macho ya mtu yeyote, yake yakiwemo. Ukimwambia sakafu yako imenyooka, atatoa kile kipande chake cha alumini chenye kiputo ndani ya maji, atakilaza chini, atakitazama, kisha atakutazama wewe kwa huruma. Kazi yake ilikuwa kubandika vigae. Aliifanya miaka thelathini na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha akiwa amepiga magoti.

Goti la kulia ndilo lililoanza kudai haki yake. Kwanza lilimuuma ngazini, kisha kitandani, mwishowe hata akiwa amekaa anakula. Akalificha. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na chake kilimuumbua kila jioni alipotaka kuinuka sakafuni. Mkewe, aliyekuwa na cherehani yake kwenye chumba cha mbele nyumbani, alizoea kufunga kazi saa kumi na moja na kumfuata mumewe alikokuwa akijenga, kwa jambo moja tu: kumpa mkono ainuke. Ilikwenda hivyo miaka minne. Mafundi wenzake walijifanya hawaoni, yeye alijifanya amechoka kidogo tu, na mkewe alijifanya alikuwa na safari ya huko huko.

Hatimaye mke akamfikisha kwa daktari wa mifupa. Daktari alibandika picha kwenye taa ya ukutani akawaonyesha kwamba goti lina sehemu tatu, na iliyokwisha ni moja, ile ya ndani. Hapo mfupa ulikuwa unasaga mfupa. Sehemu nyingine mbili zilikuwa bado nzima.

"Naweza kukuwekea goti zima la bandia," alisema, "au nikabadilisha hii sehemu mbovu peke yake."

Pimamaji alimpenda papo hapo. Kigae kimoja kikivunjika, fundi mwenye akili havunji sakafu nzima. "Na hilo nusu litadumu?" akauliza.

"Baada ya miaka kumi, karibu watu tisa kati ya kumi bado wanalo lile lile. Baada ya ishirini na mitano, kama saba. Goti zima linalizidi kidogo, linafikia kama wanane. Lakini kwa hili nusu kidonda ni kidogo, unapona upesi, na utalihisi kama lako, maana sehemu kubwa ni yako kweli. Likichakaa, tunaweza kuja kuweka zima."

Shemeji yake, dereva wa lori mstaafu mwenye goti zima la bandia na maringo yake, hakukubaliana na habari hizo. "Nusu ya nini? Wewe ukinunua shati unanunua mkono mmoja?"

"Shemeji, lako lilikuwa limeoza lote. Usinigawie msiba wako."

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alijumlisha ishirini na mitano akapata themanini na mmoja, akaridhika. Kilichomnyima raha ni wale watu watatu. Saba wamebaki na magoti yao, sawa, na wale watatu je? Walikosea wapi? Aliwafikiria kama watu anaowajua. Siku moja kabla ya upasuaji akamuuliza daktari kile kipande cha bandia kinashikwa na nini pale mfupani. Daktari akamjibu kwamba kinabandikwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Basi Pimamaji akapata jibu lake: wale watatu walikanyaga mapema.

Hakumwambia mtu. Ni jambo ambalo kila fundi analijua, kwa nini alitangaze? Yeye mwenyewe, akimaliza chumba, alifunga kamba mlangoni, na aliwahi kumfukuza mwenye nyumba kwenye sebule yake mwenyewe, viatu mkononi. Saruji inataka siku ishirini na nane. Hiyo haina mjadala.

Siku ile ile ya upasuaji, mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja mpole wa sauti na mgumu wa moyo, alimsimamisha na kumtembeza kwa fremu ya kujishikilia. Pimamaji alitembea kwa adabu zote. Binti alipotoka tu, akaunyoosha mguu juu ya mto, akautuliza kama mtoto aliyelala.

Nyumbani mchezo ukawa huo huo. Binti alikuja mara mbili kwa wiki, na mbele yake Pimamaji alifanya alichoambiwa. Siku nyingine zote alijifungia chumbani, mguu umenyooka, akihesabu kwa sauti: "Moja... mbili... tatu..." Mkewe, kule kwenye cherehani, alimsikia na kumshukuru Mungu kwa kumpa mume msikivu.

Wiki ya tatu binti alifungua rula yake ya plastiki ya kupimia pembe, akaiweka ubavuni mwa goti. Nyuzi sitini na tano. Akapima tena. Sitini na tano, kama wiki iliyopita.

"Mzee, sasa hivi ungekuwa umepita tisini," alisema. "Goti lisipokunjwa linaota makovu ndani, halafu linagoma. Utabaki na chuma kizuri ndani ya mguu wa ubao. Kupiga magoti utakusahau."

"Lakini anafanya," mkewe akamtetea. "Kila siku namsikia anahesabu."

Binti alimtazama Pimamaji, na mkewe akamtazama pia, taratibu, uso ukibadilika. Mtu angeweza kubishana na binti yule, na hata na daktari. Kubishana na kipimo Pimamaji hakuweza. Akaeleza yote: saruji, wale watu watatu, zile siku ishirini na nane. "Zimebaki saba tu," akamalizia.

Mkewe alikaa kitandani kwa kishindo. Binti hakucheka, na kwa hilo Pimamaji alimheshimu maisha yake yote. Alichukua simu, akampigia daktari, akaifungulia spika wasikie wote.

"Mzee wangu," daktari alisema, "ile saruji inakauka kwa dakika kama kumi na tano. Ilikauka hata sijakushona."

Pimamaji akaiinamia simu. "Dakika kumi na tano?"

"Kama kumi na tano."

"Hiyo inauzwa wapi?"

Daktari alicheka mpaka simu ikakoroma. Lakini Pimamaji alikuwa hajamaliza, na sauti ilimshuka. "Na wale watatu, daktari? Wao ilikuwaje?"

"Wengine sehemu nyingine ya goti nayo inachakaa. Wengine kipande kinalegea, aghalabu baada ya miaka mingi. Hakuna aliyeliharibu kwa kutembea chumbani kwake. Na hakuna aliyelidumisha kwa kulilaza."

Simu ilipokatwa, alikiri kwamba aliogopa. Hajui kazi nyingine, alisema, na asingeweza kukaa barazani kama gunia hadi kufa kwake. Mkewe alimwacha amalize. Kisha akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umeanzia kwenye guu kabisa," na wote watatu wakacheka, mmoja wao akiwa na machozi.

Kuanzia kesho yake mkewe alileta kiti chake cha cherehani chumbani, akakaa mbele yake na shati la mteja mapajani. Pimamaji aliweka kisigino juu ya kitambaa na kukivuta kuelekea kwake, nyuzi moja, nyingine, huku akilitukana goti matusi ambayo mkewe hakujua kama mumewe anayajua. Vipimo aliviandika ukutani kwa penseli. Wiki ya sita, tisini na mbili. Wiki ya kumi, mia moja na kumi na nane, na pale binti akamruhusu kupiga magoti juu ya mto. Hakuumia, ila alihisi kama amepiga goti juu ya sahani. Daktari akasema aendelee, halitaharibika kwa hilo.

Mwezi wa tano akapokea kazi ndogo, bafu la nyumba mpya. Jioni mkewe alitokea mlangoni kama zamani, akaingia, akanyoosha mkono.

Pimamaji aliweka mwiko chini. Akatanguliza mguu mmoja, akauegemea, akasimama. Hakushika ukuta wala hakuguna. Alipoinua uso aliona mkono wa mkewe bado uko hewani, umenyooka, haujui uende wapi. Miaka minne ulikuwa na kazi yake, na sasa kazi imekwisha. Alijifuta saruji kwenye suruali, akaushika mkono ule hata hivyo, na wakatoka hivyo hivyo, wameshikana, mbele ya mafundi wote.