Siku Niliyotoka kwa Wakwe Dirishani

Mama yangu alikuwa anajibu redio. Huko Karungu wakati huo boma letu lote lilikuwa na redio moja tu, ya baba mkubwa, na jioni tulikaa chini kuisikiliza, na yule mtu wa habari akisema hamjambo wasikilizaji, mama anasema hatujambo, sijui nyinyi huko, na yakifika matangazo ya vifo anamuuliza, huyo alikuwa anaugua nini, na asipojibiwa (angejibiwaje) ananuna, anasema mtu gani huyu anatangaza kifo na hajui kilichoua. Baba mkubwa alichoka akahamisha redio ikaenda nyumba ya bibi yake mdogo, na mama akawa anaijibu kutoka nje, akiparua samaki zake.

Mimi shamba sikupata, lilienda kwa ndugu zangu, na shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuvuta nyavu, lakini huo mdomo wa kujibu mashine niliurithi wote bila kugawana na mtu. Na ndio ulioniaibisha Rusinga mbele ya wakwe, aibu ambayo mpaka leo nikiona mtu wa Rusinga hapa soko la Suna navuka barabara, na nawasimulia nyinyi kwa sababu najua mmeshapata ile anayosimulia Marwa mchinjaji, na Marwa hakuwako.

Ilianza na mazombi. Hapa nyuma ya soko kuna banda la vidio, na Jumapili tukitoka kanisani wengine tunapitia hapo (bibi yangu anajua, msijisumbue). Kulikuwa na hadithi moja ndefu, ya vipande vipande, unaona kidogo leo, kingine unangoja Jumapili, habari ya mji ambao wafu wameamka wanauma watu, na anayeumwa naye anakufa anaamka anauma. Kizungu chake sikijui, lakini kuna kijana ameingiza sauti yake juu anatafsiri kwa Kiswahili, na wale wazungu amewabatiza upya, shujaa anaitwa Sajenti, na kuna mwendesha lori mmoja mcheshi anaitwa Dereva, huyo tulimpenda wote, hata wale wasiopenda mtu.

Sasa kipande kilichogawanya Suna ni hiki. Sajenti amejificha ndani ya stoo ya shule na bibi yake, watoto, Dereva na mama mkwe. Mama mkwe ameshaumwa mkono, ameficha chini ya shali. Kukipambazuka ameamka, si mtu tena, gauni limepasuka mpaka sina haja ya kuwaambia limepasuka mpaka wapi, na anamjia Sajenti. Sajenti ana shoka mkononi. Anamwangalia, anafunga macho, anaruka dirishani. Na yule mama anamla Dereva.

Banda lilichafuka. Marwa alisimama akasema Sajenti ni mjinga, shoka ni la nini kama si la hapo, ameua rafiki yake kwa sababu ya adabu, na karibu watu wote wakaenda upande wake, tukawaita watu wa shoka. Mimi nilikuwa mtu wa dirisha, mimi na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Nilisema (na bado nasema) mama mkwe ni mama mkwe hata akifa, sisi Wajaluo hata kula mbele yake ni shida, sasa huyu amekujia uchi, wewe utasimama hapo umpime na shoka, utakuwa unaangalia wapi? Mwanaume mwenye kwao anatoka. Kama kuna mlango ni mlango, kama ni dirisha ni dirisha. Marwa akasema zombi hana mkwe. Nikamuuliza, na yule bibi anayelia kwenye kona ni mtoto wa nani? Wiki nzima akaniuzia mifupa.

Sasa wakati huohuo mtoto wangu Ochieng alikuwa anatafuta kuoa. Ochieng anatengeneza simu, ni mtu mpole, ndevu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe na hakuna bibi, na Mungu akamletea Atieno, msichana wa Rusinga, wakapatana, ikabaki sisi wazazi. Baba ya Atieno alishakufa, neno lilikuwa kwa baba mdogo wake, Owuor, mtu wa kuunda mashua, mwenye mikono kama makasia. Na tulikuwa tumesikia kuna mtu wa Homa Bay, mwenye gari, ameshapita kusalimia, na Owuor anawapima. Kwa hivyo siku tuliyoenda kuposa ndiyo ilikuwa siku. Tukiharibu, Atieno anaenda na gari.

Asubuhi nilivaa suti yangu ya kahawia, ile ya kila kitu. Chupi niliyoifua jana yake ilikuwa haijakauka, na mimi sipendi unyevu huko, nikasema suruali ni nzito, nani atajua, nikaenda hivyo. Huo ndio uamuzi wangu, mdogo hivyo. Tukiwa juu ya daraja la Mbita la kuingia Rusinga, sisi na Ochieng na shangazi zangu wawili, bibi yangu akaniambia bila kuniangalia, "Baba Ochieng, leo ongea habari ya ng'ombe. Wafu wako wabaki Suna." Nikaahidi.

Na nilianza vizuri, asiwadanganye mtu. Tuliomba, tukajulishana, nikaongea maneno ya heshima mpaka Owuor akawa anatingisha kichwa. Nyumba yake nzuri, madirisha ya mbao makubwa aliyaunda mwenyewe, hayana chuma. Mama Atieno na wanawake wengine walikuwa nje jikoni na harufu ya samaki mbuta inakuja, naye hakuingia tulipo, vile inavyotakiwa. Ikabaki kungoja chakula. Na Owuor, ili wageni wasikae kimya, akawasha televisheni.

Nilijua sauti kabla ya picha. Ni yule kijana. Na ni kile kipande, stoo ya shule, shali, kila kitu. Nikaangalia chini. Nikasoma kitambaa cha meza. Owuor akasema huyu Sajenti ni takataka, yeye Owuor ana shoka hapo nje, angemaliza kazi asubuhi na mapema akaenda ziwani. Nikakohoa. Bibi yangu akanikanyaga mguu. Halafu Owuor akageuka, akamwangalia mtoto wangu, akasema polepole, "Mwanaume anayekimbia mwanamke mzee, huyo atalinda bibi kweli?"

Sasa nyinyi mngefanya nini? Ningenyamaza ingekuwa ni kukubali kwamba Ochieng ni wa kukimbia. Nikafungua mdomo. Nilitoa yote, adabu, uchi, bibi kwenye kona, na Owuor naye anajibu, na sauti zikapanda mpaka akafungua dirisha akamwita shemeji yake huko jikoni, akamuuliza, ukiamka zombi unataka mkwe wako afanye nini?

Mama Atieno akajibu kutoka huko bila kuonekana, mwiko ukiendelea kugonga sufuria. "Anikate. Mtu ananiacha nizunguke uchi nikila majirani, huyo ananipenda wapi?"

Watu walicheka, Ochieng akawa anajipangusa jasho, na mimi nikaona tunashindwa. Ndipo nikasema shoka lenyewe halikuwa na nafasi pale, stoo ni ndogo, njooni niwaonyeshe. Owuor akajifunga leso ya bibi yake, akanyoosha ile mikono, akaanza kunijia anakoroma (alikuwa zombi mzuri sana, shangazi yangu mmoja alihama kiti). Mimi nina fimbo yangu ndiyo shoka. Narudi nyuma, narudi, namwonyesha, ona, hapa huwezi kurusha mkono, ona, na nikasikia dirisha mgongoni, na nyinyi mnajua ujana wangu niliumaliza nikiruka kutoka mashua hii kwenda ile. Nikaruka.

Mimi nilipita. Suruali haikupita. Ile ndoano ya kufungia dirisha iliikamata nyuma kiunoni, nikaning'inia kidogo kichwa chini, halafu ikapasuka, kitambaa chote cha nyuma kikabaki kwa Owuor, na mimi nikaangukia rundo la kuni kifudifudi, miguu huku, kichwa huku, na upande ule ambao jua huwa halifiki ukiangalia jikoni.

Mama Atieno alikuwa ametoka na sinia la samaki.

Hakupiga kelele. Aliweka sinia chini, akajifunika kichwa na leso, akageuka akaangalia ziwa, na wanawake wote wakageuka wakaangalia ziwa. Kwetu hilo si jambo la kucheka. Mkwe akiona hiyo kitu ya mkwe, mazungumzo yanakufa, watu wanatafuta wazee wa kusafisha, na wengine hawarudiani tena maisha. Owuor alisimama dirishani na leso yake, zombi yote imemtoka, akasema siku imeharibika, wageni warudi. Ndani ya jiko nikasikia Atieno anaanza kulia. Ochieng akatoka, akavua koti lake, akaniwekea juu, na afadhali angenitukana.

Ndipo Mama Atieno akaongea, bado anaangalia ziwa.

"Owuor, mimi nimesikia kuni zikianguka. Sijaona kitu."

Owuor akasema lakini shemeji.

"Kuni," akasema. "Baba Ochieng aliondoka kitambo, tumbo lilimsumbua. Wageni waingie wale, ng'ombe waongelewe." Akakaza leso kichwani. "Na asirudi hapa, nisije nikakumbuka."

Ochieng alioa, mnajua, wajukuu zangu mnawaona hapa wakinimalizia sukari, na harusini ilisemekana ninaumwa tumbo. Mkiniuliza leo bado nasema dirisha, ila mtu wa dirisha ajiangalie kwanza ndani amevaa nini.  Lakini siku hiyo nilifunga koti la mtoto wangu kiunoni, nikaokota fimbo, nikapita nyuma ya choo ili nisipite mbele ya mtu, nikashika njia ya darajani. Nyuma yangu nilisikia wanaombea chakula. Sikugeuka, na Rusinga sijakanyaga tena.